Mtani Bila Sauti

Siku hizi sote tumefungwa kooni kidude cha serikali kisichofunguka, na penye wanaume na wanawake pamoja, tusi lolote halitoki na sauti. Ndiyo maana tulipokuwa tunamuaga baba, Bi Sikujua, mtani wake wa Kinyamwezi, alisimama mbele ya maiti amtukane tucheke kidogo, kama ilivyo desturi ya watani msibani, na midomo yake ikacheza bure.

"Wanaume, tokeni nje, asikike," mama aliomba.

Wakatoka wote. Bi Sikujua akajaribu tena. Kimya. Ndipo nikaona taa ya kijani shingoni mwa baba. Kidude chake kilikuwa bado kinawaka, kikimhesabu kama mwanamume aliyemo chumbani.

"Mfunikeni," mama alisema. "Anaondoka kama mgeni asiye na mtani."