Kocha wa Sita

Hakuna aliyemwita, lakini Tevin Rucker alipanda ngazi tatu tatu mpaka ghorofa ya pili akiwa na ndara miguuni, mfuko wa barafu umefungwa begani na maji yakimchuruzika mgongoni.

Ilikuwa Jumatatu, siku moja baada ya mechi ya mwisho ya msimu. Huko chini, katika chumba cha kubadilishia nguo, wenzake walikuwa wakitia viatu na picha za watoto wao katika mifuko myeusi ya taka. Timu yao ya mpira wa Kimarekani, ya mji wa Toledo, ilikuwa imeshinda mechi nne na kupoteza kumi na tatu. Tangu alfajiri redio zilikuwa na wimbo mmoja tu: kocha Dombrowski afukuzwe.

"Wakimfukuza huyu, atakuja wa saba," mkewe Janelle alikuwa amemwambia wakati wa kifungua kinywa. "Utaanza tena moja."

Hilo ndilo lililomchoma. Tevin alikuwa kwotabeki, yule ambaye mpira huanzia mikononi mwake, naye ana sekunde tatu za kuamua amrushie nani kabla majitu ya wapinzani hayajamwangusha. Katika miaka sita alikuwa amefundishwa na makocha sita. Wa kwanza alimtaka akimbie. Wa pili akamwambia akikimbia tena atakaa benchi. Wa tatu alimbadilishia namna ya kuinua kiwiko, wa nne akakirudisha kiwiko kilipokuwa, na wa tano alitimuliwa kabla hajashika jina la Tevin. Mpaka anaondoka alikuwa akimwita Kevin. Kila mwaka kitabu kipya cha mbinu, kinene kama tofali, na neno ambalo jana lilimaanisha kulia, leo ni kushoto. Akisita kidogo uwanjani, magazeti yanaandika kwamba Rucker ni mzito wa kufikiri.

Dombrowski, wa sita, mzee wa miaka sitini na mmoja, mtoto wa wachimba makaa wa Pennsylvania, hakugusa kiwiko. Siku ya kwanza alivuta kiti, akauliza, "Wewe mwenyewe unapenda kurusha vipi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Tevin hivyo. Wakakiandika kitabu pamoja, ukurasa kwa ukurasa, makombo ya sandwichi yakidondokea michoro.

"Nipe miaka miwili, mwanangu," kocha alisema. "Mwaka wa kwanza tutapigwa. Wa pili, watatukimbia."

Mwaka wa kwanza walipigwa kweli.

Lorraine Pruitt, meneja mkuu wa timu, aliinua macho mlango uliposukumwa. Yalikuwa mekundu.

"Si wakati mzuri, Tevin. Mwenye timu atapiga simu sasa hivi."

"Dakika tano, bosi."

"Mbili."

Alikaa bila kukaribishwa. "Usimfukuze kocha."

"Nani kakwambia namfukuza?"

"Redio. Mpishi. Hata yule mama wa mapokezi kaniangalia kama nimefiwa. Bosi, kila mnapobadilisha kocha mimi narudishwa darasa la kwanza. Miaka sita niko darasa la kwanza, na ndevu zangu hizi!"

Lorraine hakucheka. "Pasi zako kumi na tisa zimenyakuliwa na wapinzani msimu huu. Mbinu zake hazikufaa."

"Mbinu zilifaa. Mimi ndiye sikuzifuata."

"Mechi ya Memphis je? Dakika ya mwisho, anaagiza pasi ya mbali, upepo ule?"

"Hakuagiza hivyo. Aliagiza pasi fupi ya kushoto. Nikakaidi."

Ulikuwa uongo. Pasi ya mbali aliiagiza Dombrowski mwenyewe, na ndani ya basi alimwomba Tevin radhi mbele ya timu nzima. Lakini uongo ulikuwa umeshatoka, na Tevin aliona kalamu ya Lorraine ikianza kutembea juu ya karatasi. Basi akaongeza, na safari hii alisema kweli.

"Na bega hili linaniuma tangu Septemba. Siku nyingine siwezi hata kuvaa shati bila Janelle kunishika mkono. Nilimficha kocha. Nilimficha daktari. Nilijua nikisema, nitakaa benchi, na nikikaa benchi mtaleta mwingine."

"Kwa hiyo makosa ni yako."

"Yote."

"Na kocha?"

"Kocha hana kasoro. Mpe mtu mwenye bega zima, utaona."

Alisikia alichokisema. Hakukirudisha. Ilimsukuma hasira yote ya miaka sita: hasira ya viwiko, ya vitabu, ya kuitwa Kevin. Angalau mtu mmoja katika timu hii angepewa muda wa kumaliza alichoanza.

Lorraine aliweka kalamu chini.

"Unajua itakayokufika kwa haya uliyosema?"

"Najua. Mimi nitaondoka. Ila yeye abaki."

Simu ya mezani ililia. Lorraine aliiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Dombrowski alikuwa hapa saa moja asubuhi," alisema. "Alinishawishi kwa saa nzima kwamba makosa yote ni yake, kwamba wewe huna hatia, na kwamba nimfukuze yeye ili nikubakize wewe."

Tevin aliinuka nusu.

"Nilimwamini, ameshasaini barua ya kuacha kazi na ameondoka," Lorraine alisema. "Na sasa nimekuamini wewe pia."