Uchunguzi wa Chupa ya Syombua

Mulei alinusa mdomo wa chupa, akapiga chafya mara mbili, akatangaza kwamba ushahidi umetosha.

"Chafya si ushahidi," alisema Nthenya, katibu wa kanisa, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake. "Mimi hupiga chafya hata nikifungua Biblia ya zamani."

Chupa ilikuwa katikati ya meza, sebuleni kwa Syombua, hapo Nunguni. Ilikuwa na picha ya zabibu na maandishi ya Kizungu, na ndani yake kinywaji cha manjano hafifu kilichofika shingoni. Mulei, jirani na mmoja wa wazee wa kanisa, ndiye aliyeiona kwenye dirisha la jikoni Jumapili alipokuja kuomba chumvi. Kufikia Alhamisi saa nane mchana, baraza zima la wazee wa kanisa lilikuwa limefika. Wote watatu.

Wa tatu alikuwa mwenyekiti, Mzee Kiilu. Kwa miaka ishirini alikuwa amehubiri juu ya ubaya wa pombe kwa ukali hata watu wakawa wanaficha uji uliochacha wakimwona anakuja. Alikuwa amefukuza washirika kumi na wanne, mmoja wao shemeji yake.

"Syombua," alisema, "umewapikia Wazungu hotelini Nairobi miaka kumi na mmoja. Ukarudi, tukakupokea. Kama huu ni mvinyo, jina lako linafutwa leo, na Ndinda hafungi ndoa kanisani kwetu Jumamosi."

Syombua alikaza leso yake. Ndinda alikuwa mtoto wake wa pekee. Gauni lilikuwa tayari limeshonwa, na wakwe walikuwa njiani kutoka Kanyangi.

"Hata nikisema si mvinyo, mtaniamini?"

"Hapana," alisema Mulei.

"Basi onjeni."

Walitazamana. Nthenya aliuliza kama jambo hilo linaruhusiwa. Mzee Kiilu alifikiri kidogo, akasema hakimu hushika bangi mahakamani kila wiki na hakuna anayemwita mvuta bangi.

Syombua akaenda jikoni, akarudi na vikombe na sahani. "Kule hotelini, mvinyo hauonjwi mdomo mtupu," alisema. "Mweupe unaenda na samaki, ama kuku asiyetiwa viungo vingi. Uchachu wake unakata mafuta, kama ndimu. Nyama nyekundu ina mwekundu wake."

Akapanga samaki wa mkebe, kuku wa kuchemsha, na kwa ajili ya tumbo tu, muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, na mbavu za mbuzi zilizobaki jana. Baraza lilikubaliana upesi kwamba uchunguzi ni lazima uwe kamili.

Mwenyekiti alionja kwanza. Alizungusha kikombe, akapiga funda moja, akakaa nalo mdomoni kwa muda. Akameza. Akasukuma chupa kwa Mulei.

Mulei alikunywa amefumba macho, kama mtu anayepewa dawa ya minyoo. "Asi! Unachoma!" Akajaribu na samaki, ukachoma zaidi. Akajaribu na kuku, ukachoma vizuri.

Nthenya alianza kwa matone. Kikombe cha pili, akavua viatu. Cha tatu, akawaambia kwamba mwalimu wa kwaya huimba kama mbuzi anayezaa, na kwamba alikuwa ameomba miaka minne apewe nafasi ya kulisema hilo. Mulei alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalalamika kwamba ukuta unasogea. Akaanzisha pambio, akalisahau katikati, akalimalizia na wimbo wa densi.

Syombua alisimama mlangoni. Hakuwatazama hao wawili. Alimtazama Mzee Kiilu, ambaye hakuwa amegusa kikombe chake tena, na ambaye mshipa wa paji lake la uso ulikuwa umeanza kuvimba.

"Tupige kura," alisema Nthenya huku akishikilia meza. "Anayesema huu ni mvinyo anyooshe mkono."

Alinyoosha wake. Mulei alinyoosha yote miwili.

"Imebaki sahihi yako tu, Mzee."

Mwenyekiti akashika kalamu. Syombua akaegemea fremu ya mlango. Alikuwa tayari anatafuta maneno ya kumwambia mtoto wake.

Wakati huo Mulei alichukua ubavu wa mbuzi, akauchovya ndani ya kikombe kama mkate kwenye chai, akauma, akatikisa kichwa kwa raha.

"Hapa sasa!" alisema. "Wazungu hawajui kitu. Huu mvinyo na mbuzi ni ndugu wa tumbo moja."

Kalamu ilianguka.

"Mvinyo mweupe na mbavu za mbuzi!" Mzee Kiilu alinguruma. "Wewe umelelewa wapi? Na huu hata si mvinyo! Ni mchaichai, tangawizi na asali, na nyinyi mnayumbayumba hapa kama mmemaliza pipa! Andika hapo, katibu: mama huyu hana hatia. Aende akaozeshe mtoto wake!"

Syombua aliketi sakafuni palepale, akafunika uso kwa leso.

Nthenya alipata fahamu zote kwa mara moja. Akavaa viatu, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe.

"Mwenyekiti," aliuliza kwa heshima, "una hakika?"

"Hakika?" Mzee Kiilu alikuwa bado anatetemeka kwa hasira. "Ungekuwa mvinyo, unadhani hiyo chupa ingemfikia Mulei?"