Maji ya Baraka

Ayitey aliingia chumba cha wapinzani kwa kejeli, kalamu mkononi. Ada ni kwamba kocha hukagua bandeji za bondia wa upande wa pili, kisha hutia sahihi juu yake. Bondia mwenyewe alikuwa kimbaombao, si lolote si chochote.

"Huyu ndiye wa kupigana na mtu wangu? Mzee, mtaa wa Bukom umeishiwa wanaume?"

Mzee alikuwa kocha wa kimbaombao. Ndiye aliyemfunga Ayitey bandeji miaka kumi na moja, mpaka akawa bingwa. Alichovya vidole koponi, akazinyunyizia ngumi za kimbaombao maji ya baraka za mababu, kama alivyokuwa akimnyunyizia Ayitey.

Ayitey akacheka, akaibonyeza bandeji. Haikubonyea. Ilikuwa ikiganda kama plasta wanayofungwa waliovunjika mifupa.

"Umetia unga wa plasta humu! Mwizi mkubwa we!"

Mzee alimtazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi.

"Leo umekuwa mtakatifu? Wale mabondia ishirini ulidhani uliwaangusha kwa kitu gani? Kwa mikono hiyo ya kukandia madonge ya kenke?"

Ukumbini mashabiki walikuwa wakiliimba jina la Ayitey.

"Haya, bingwa. Tia sahihi."