Kiti cha Mshairi

"Gwylan! Naita mara ya mwisho. Asiposimama, kiti cha mshairi kitabaki kitupu mwaka huu!" mwalimu alitangaza kwa Kiwelisi jukwaani.

Ukumbi mzima wa shule ukageuza shingo.

Kiganja chenye jasho kikamshika Heledd mkono. Kilikuwa cha rafiki yake, Mwingereza aliyeanza kujifunza Kiwelisi juzijuzi tu, akikiandika vizuri kuliko anavyokielewa kikisemwa.

"Shoga, Gwylan ndilo jina la kificho nililotia kwenye shairi langu. Nisimame, au wataniita jina langu halisi?"

Heledd alikinyonya Kiwelisi kwa mamaye, na miaka minne alikiwania kiti kile cha mshindi wa mashairi asikipate. Jasho la mwenzake lilikuwa likimchuruzika vidoleni.

"Tulia, mshamba wee," alinong'ona, akiubana mkono ule pajani pake. "Watakuita jina lako."