Goti Dhidi ya Simu

Jumanne, tarehe 14 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Anga safi, upepo hakuna, jua la kuchoma kisogo. Katika ofisi ya mkuu wa shule ya bweni, watu watatu walikuwa wameikodolea macho simu moja kana kwamba ni mgonjwa mahututi.

Aliyeishika alikuwa Mkuu mwenyewe. Mwalimu wa kompyuta, binti aliyeajiriwa muhula ule, alikuwa akimwelekeza. Mtunza uwanja alisimama kando, kofia mkononi, kwa sababu kilichokuwa kikiamuliwa pale ni riziki yake.

Kwa miaka ishirini na miwili, shule ile ilikuwa imetegemea goti lake la kushoto kujua hali ya hewa. Likimuuma, nguo zilianuliwa, mechi ziliahirishwa, wapishi waliingiza kuni ndani. Watu walimwita Mzee Goti, naye aliitikia. Kwa heshima ya goti hilo alikuwa ameachiwa chumba kando ya uwanja, ingawa umri wa kustaafu ulikuwa umempita zamani.

"Shule haiwezi kuongozwa na kiungo cha mtu," alisema Mkuu. "Mwezi wa nane mvua ya mawe ilivunja vioo vya maabara, goti likiwa kimya. Na mtandao nao ulikuwa umekatika tangu alfajiri, tukashindwa hata kumwita daktari."

"Siku ile sikusikia kitu, Mkuu," mzee alikiri.

"Basi Jumamosi ni fainali. Simu na goti vitashindana. Simu ikishinda, mwisho wa mwezi unafungasha. Goti likishinda, chumba ni chako mpaka ukichoke mwenyewe, nami nitakuomba radhi mbele ya shule nzima."

Mwalimu wa kompyuta alikohoa kidogo. "Tuchague aina za tahadhari za hali ya hewa ambazo simu itapokea, Mkuu. Radi?"

"Weka."

"Upepo mkali? Mvua ya mawe? Mafuriko?"

"Weka. Mafuriko toa, tuko kilimani."

"Sasa viwango. Njano ni kujiandaa, chungwa ni kujihadhari, nyekundu ni hatari kubwa kabisa."

Mkuu alikunja uso. Hakuwa mtu wa kubembeleza wanafunzi, wala hakuona kwa nini abembelezwe na simu. "Nyekundu peke yake. Hapa hatumwonyi mtu mara tatu."

"Mimi ningeiweka na ya njano," mzee alisema kwa upole. "Na ile ya chungwa nisingeitoa kabisa."

"Wewe na goti lako mnajua nini kuhusu rangi?"

"Samahani, Mkuu. Nimeropoka."

Nyekundu ikabaki peke yake.

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, fainali ilikuwa dakika ya sitini, bao moja kwa moja. Anga lilikuwa la buluu, isipokuwa wingu moja dogo nyuma ya mabweni, la kudharaulika tu. Ghafla Mzee Goti alijishika mguu, akachechemea hadi katikati ya uwanja, akauokota mpira na kuubana kwapani.

"Wote ndani," alisema.

Mwamuzi alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "We mzee, una wazimu? Rudisha mpira!"

"Goti limekataa, mwanangu. Lipulizie lenyewe hiyo filimbi."

Mkuu alichomoa simu ya shule mfukoni. Kioo kilikuwa kitupu, hakina hata alama. "Simu haina habari yoyote!" alinguruma. "Rudisha mpira, au huo mwisho wa mwezi unakuwa leo!"

Mzee hakugeuka. Alichechemea na mpira wake kuelekea bwaloni. Na kwa kuwa fainali haichezwi bila mpira, wachezaji walimfuata wakimtukana, mashabiki wakawafuata wachezaji, na Mkuu akawafuata wote, ili amfukuze kazi mbele ya mashahidi.

Alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye maneno "kuanzia sasa hivi" radi ilipopasua mlingoti wa goli la kusini. Mvua ya mawe ikaanza kutwanga mabati ya bwalo. Simu ya shule iliendelea kunyamaza. Kwa hesabu zake, hatari ile ilikuwa ya rangi ya chungwa tu.

Mkuu alikuwa na makosa mengi, lakini kuvunja ahadi halikuwa mojawapo. Alipanda jukwaani, akafunga vifungo vyote vya koti, akasema kwa sauti iliyofika jikoni:

"Mzee wangu, nilikudharau. Nakuomba radhi. Chumba ni chako."



"Hudaiwi radhi, Mkuu, na siipokei," mzee alijibu, macho yakiwa sakafuni. "Chumba nitakipokea."

Mama wa mchezaji mmoja alifuta machozi. Unyenyekevu wa namna ile, alimnong'oneza jirani yake, umekwisha duniani.

Mvua ilipopungua, mwalimu wa kompyuta alimpelekea mzee kikombe cha chai chumbani. Alisukuma mlango bila kubisha, akamkuta amekaa kitandani, suruali imekunjwa hadi pajani. Juu ya goti la kushoto, simu mpya kuliko ya shule ilikuwa imefungwa kwa bendeji, ikitetemeka kwa tahadhari ya njano.

"Funga mlango, binti yangu," alisema Mzee Goti.

Aliufunga. "Mzee! Miaka yote ishirini na miwili?"

"Hapana, mwanangu. Kumi na sita ya mwanzo ilikuwa redio."