Mguu Mmoja wa Kiti

Mgambo wawili walisimama mlangoni, na karakana ile haikuwa na mlango mwingine. Xavery alitazama dirisha. Lilikuwa na nondo.

Kwa miezi kadhaa mji wa Babati ulikuwa ukichekechwa. Aliyekutwa hana kazi alipandishwa lori, akapelekwa kwenye mashamba mapya huko Kiteto, na waliokwisha kwenda hakuna aliyejua habari zao. Xavery alikuwa utingo. Lori lake lilikuwa limelala juu ya mawe tangu matairi yalipoadimika, na utingo wa lori lisilotembea ni mzururaji tu mbele ya serikali. Nyumbani kwake Nangara, Fabiola alikuwa na mimba pevu. Mkunga alikwisha sema ni leo au kesho.

Ndiyo maana alikuwa amejiunga na kikundi cha wakerezaji wa Bagara. Walikuwa watu wachache wenye mashine moja ya kukerezea mbao, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Kila Jumamosi mmoja wao alitoa jambo alilolijua, wengine wakajifunza. Mzee Anselm, mwenyekiti, aliwaonyesha kung'arisha mti kwa nta ya nyuki. Tadeo, fundi wao hodari, aliwafundisha kusugua kwa maranda ya mti uleule unaokerezwa, maana msasa ulikuwa umepotelea huko ilikopotelea sukari.

Tadeo ndiye aliyemshika Xavery mkono. "Usiuvamie mti kwa makali," alizoea kumwambia. "Laza mgongo wa patasi kwanza, iache iteleze. Halafu inua taratibu mpaka iume. Ukiona inadunda, umefanya haraka."

Asubuhi ile Tadeo alikuwa ametoka kupeleka viti ofisi ya tarafa. Aliporudi aliketi pembeni kunoa patasi ambayo ilikuwa kali tayari.

"Kwema huko, Baba Eustace?" Xavery alimuuliza.

"Kwema."

Haukupita muda, lori likasimama nje.

Afisa aliyeingia aliitwa Theodory. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtisha Xavery zaidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu Mzee Anselm.

"Nasikia hapa kuna mafundi."

"Ndio hawa, ndugu. Wengine hawajafika leo."

"Vitambulisho vyao?"

Mzee Anselm alieleza kwamba waliomba siku nyingi, wakaambiwa karatasi za kuchapia hazipo. Afisa alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha sikia jibu hilo kila alikopita.

"Basi mikono yao itasema. Wewe mzee pumzika. Hawa wawili, kila mmoja anikerezee mguu mmoja wa kiti."

Tadeo alianza. Alifunga mti, akakanyaga, mti ukazunguka. Patasi ikadunda. Akajaribu tena, kipande kikachomoka na kugonga ukuta. Alipofika shingoni mwa ule mguu, ukakatika vipande viwili. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, jasho likimchuruzika hadi kidevuni.

"Nisamehe, ndugu afisa," alisema kwa sauti ndogo.

Xavery hakuamini macho yake. Kama hofu ilimfanya hivi Tadeo, yeye mwanafunzi angepona wapi? Alimwonea huruma, maana Tadeo alikuwa na watoto wanne. Lakini ndani ya huruma ile kulikuwa na kitu kingine alichokionea haya: kama ni lazima lori liondoke na mtu, sasa huenda asiwe yeye.

Akafunga mti wake. Akamfikiria Fabiola, akalaza mgongo wa patasi, akaiacha iteleze. Maranda yakaanza kutoka marefu na mepesi, yakamwangukia vidoleni. Akapunguza shingo, akatoa kifundo, akachonga pete mbili chini yake. Mwishoni akashika konzi ya maranda, akaubana mti unaozunguka mpaka ukang'aa. Hakuwahi kukereza vizuri namna ile.

Afisa aliupokea ule mguu, akausogeza kwenye mwanga, akaupitishia kidole gumba juu mpaka chini.

"Umefundishwa na nani?"

"Na huyu Baba Eustace." Kisha Xavery, moyo ukiwa umeanza kutulia, akaongeza, "Leo ameshikwa na woga tu, ndugu. Kwa kazi hii anatupita sote. Nakuomba usimchukue."

Tadeo aliinamisha kichwa.

"Simchukui," alisema afisa. "Wa kulima nimekwisha pata wa kutosha. Huyu abaki na mzee wake." Akamkabidhi Xavery ule mguu wa kiti. "Kule Kiteto tunajenga shule na zahanati, na fundi hatuna hata mmoja. Tangu jana nimewaambia pale tarafani nikipata hodari naondoka naye. Panda gari."

"Ndugu afisa, mke wangu yuko siku zake za kujifungua."

"Atakufuata akipata nguvu."

Mgambo walimshika, huyu kushoto, yule kulia. Mzee Anselm aliwafuata hadi nje akiomba, hakuna aliyegeuka.

Lori liligoma kuwaka. Watu wakaitwa kulisukuma, wakasukuma, wakapumzika, wakasukuma tena. Xavery, akiwa amebanwa kati ya mabega ya watu asiowajua, alinyoosha shingo kuitazama karakana. Mlango ulikuwa wazi. Tadeo alikuwa amefunga mti mwingine kwenye mashine, anakereza, na mkono wake haukutikisika hata kidogo.