Twende Kilioni

"Bibi harusi umemsuka twende kilioni?" Shangazi yake bibi harusi alifoka mlangoni mwa saluni, pale Njoro. "Mtindo wa kukimbilia msibani, siku ya sendofu, anapoagwa kwao!"

Winfrida, msusi, alimkalisha binti kitini. Jana umeme ulikatika akiwa ndiyo kwanza ameziosha nywele za dawa za binti huyo, draya ikabaki pambo. Akazisuka zikiwa mbichi, akamwambia alale nazo zikaukie humo humo.

Sasa alijipaka mafuta vidoleni, akafumua msuko wa kwanza.

Nywele hazikunyooka. Zilishuka na mawimbi, zikirukaruka kama springi. Wa pili. Wa tatu.

"Haki ya Mungu, huyu ni mimi?" Binti alikumbatia kioo.

"Usichane!" Winfrida alicheka kwa sauti. "Ukipitisha kitana tu, kwisha!"

Nje gari lilipiga honi. Binti alitoka akitingisha kichwa makusudi.

Shangazi hakumfuata. Alivua kilemba, nywele zake za dawa zikalala bapa shingoni, akakikalia kiti kingali na joto la binti.

"Ndoa ni kesho," alisema akitazama pembeni. "Haya, twende huko kilioni."